Bakuli la Jumapili la Wifi Akanisi

Wifi yangu Akanisi hakukosa la kusema kwa mtu yeyote, isipokuwa mmoja: mume wangu Apisai, kaka yake wa damu. Kwetu kaka na dada wakishakua hawasemezani, ndiyo heshima. Akitaka kumwambia jambo, linapitia kwangu. Na kila Jumapili baada ya ibada lilipitia kwangu bakuli: kaa wa mikokoni, tui zito, ndimu. Kaa hao aliwatoa kwa mkono wake, matope hadi mapajani, tangu alipofiwa na mume. Ndio waliosomesha wanawe.

Bahari ilipoanza kuingia majumbani, wakaja wataalamu wa kupanga mji mpya, wa kujengwa mlimani. Sina ubaya nao. Walichora nyumba za kupitisha upepo, umeme wa jua, matangi ya mvua, hata soko la wanakijiji. Siku ya mkutano Apisai, mkuu wa kijiji, aliketi mbele pamoja na wageni na ramani yao. Akanisi alikaa nyuma karibu na mlango, lakini aliona kabla yangu: mikoko yote imepakwa rangi ya kijani. Hifadhi. Mtu haingii.

Akanivuta nguo. "Wifi, pale ndipo ninapokula. Mwambie mumeo."

"Simama useme mwenyewe. Mdomo wa kunisengenya mimi si unao?"

"Nimpinge kaka yangu mbele za watu? Nitaificha wapi sura yangu? Nenda, mvivu wewe."

Nikaenda kwa magoti, maana mkutanoni hatupiti tumesimama mbele ya wakubwa walioketi. Lakini nilichelewa. Binti aliyewaongoza wageni alikuwa ameshatoa jino la nyangumi, akaomba kibali cha ramani ile, na Apisai ameshalipokea. Jino likipokewa, ombi limekubaliwa, halirudishwi. Makofi yakapigwa. Mimi nimebaki katikati ya mkeka, kama mtu aliyeangusha sindano.

Nyumbani nilimweleza Apisai.

"Kwa nini sikuambiwa mapema?"

"Ramani tumeiona leo. Na angekuambia kwa mdomo upi?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mereoni."

Nilimkasirikia sana. Nikamfuata yule binti, mtu mpole. Akasema mikoko ikikanyagwa haikui, na isipokua mawimbi yatatufuata hata kule juu. Akasema laiti angejua. Machozi yalimlengalenga. Nikarudi sijui hasira yangu niipeleke kwa nani.

Tulihama. Nyumba ni nzuri, sitasema uongo. Jumapili ya kwanza Akanisi alinipa bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba, kama kawaida. Ndani mna samaki wa kopo, tui zito, ndimu.

Apisai alilitazama kwa muda. Kisha akala chote, akapangusa bakuli kwa kipande cha muhogo.

"Mwambie dada chakula kilikuwa kizuri."

Nikavuka barabara mpya. Akanisi alikuwa kibarazani, mikono mapajani. Sikuwa nimewahi kuiona mikono ile bila matope kwenye kucha, na iliniuma.

"Kasema kilikuwa kizuri."

"Kamaliza?"

"Kamaliza."

Akageuza uso akatazama ukutani.

"Basi mwambie Jumapili ijayo nitaleta tena."