Mitambo Aliyoikataa Bibi

Enzi zetu sisi watoto wa Ng'ambo, Tabora, hakuna aliyetuuliza tukikua tutakuwa nani. Uliulizwa umeshateka maji? Umeshafagia uwanja? Basi. Asubuhi mchakamchaka, tunaimba Ujamaa na Kujitegemea mpaka sauti zinakauka, kisha shamba la shule, jembe begani. Vitoto vya leo ukivionyesha jembe vinalipiga picha. Mchana unarudi, unakuta michembe imechemshwa na karanga. Viazi vile vilivyokatwa vikaanikwa juani, vitamu, vinanata menoni, na ukibahatika kuna asali ya porini ya kuchovyea. Jamani! Mate yananijaa hadi leo.

Kazi niliyoipenda mimi ni kupeleka mahindi mashineni. Wasichana wenzangu wanakimbilia kucheza rede, mimi nagombea ndoo ya mahindi. Mashine ya kusaga ya mtaani kwetu ilikuwa ya dizeli, na aliyeiendesha ni Mzee Mrisho, mtu mfupi, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Ikizima, foleni nzima inaguna. Mimi moyo unanidunda kwa furaha, maana nitaitwa kushika spana.

"Sikiliza, binti," Mzee Mrisho alikuwa akiniambia. "Huyu anakohoa. Usimfungue kabla hujajua anaumwa wapi."

Nikajifunza kuusikia mkanda uliolegea na dizeli iliyoingia maji. Nikirudi nyumbani, mama ananitimua jikoni: "Toka hapa, utanitilia dizeli kwenye mchuzi!"

Nilipofika kidato cha nne, hisabati na fizikia zilikuwa zimenikaa kichwani. Nchi ilikuwa changa, inatafuta wahandisi wake yenyewe, na mwalimu wetu alisema hata wasichana wanatakiwa. Fomu zikaja, chagua fani moja: uhandisi wa ujenzi, wa umeme, au wa mitambo. Mzazi atie sahihi. Sikusita. Nikaandika mitambo, nikaikunja fomu vizuri, nikaipeleka nyumbani.

Baba, seremala, aliivalia miwani baada ya swala ya alasiri, akaisoma kwa sauti pale barazani: "Mimi mzazi wa mwanafunzi huyu nakubali akasomee mitambo."

Bibi, mama yake baba, alikuwa anachambua choroko pembeni. Ungo ulimtoka mikononi.

"Mayo wane, mama yangu! Mitambo?"

Msicheke. Mtaani kwetu mitambo ilikuwa kitu kimoja tu: yale madebe na mabomba ya kupikia gongo, pombe iliyopigwa marufuku. Juma lilelile mgambo walikuwa wamepita na mama mmoja wa pembezoni mwa mji, wamemtwisha mtambo wake kichwani, watoto wanamzomea nyuma.

"Serikali inavunja mitambo ya watu," Bibi akaja juu, "halafu inawaita watoto wetu ikawafundishe kuitengeneza? Huyu mjukuu wangu, mke mwenzangu, aliyehitimu Kurani, akapike gongo?"

Baba alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akamweleza taratibu: ni injini, mama, ni mashine kama ile ya unga. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kuokota choroko zake, moja moja.

"Mimi nimekuelewa, mwanangu. Sasa mtaa mzima utauelewesha wewe? Watakaokuja kumposa wataambiwa anasomea nini?"

Kicheko cha baba kikakatika. Akanigeukia. "Mwanangu, kwani ujenzi nao si uhandisi?"

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tele. Lakini enzi zile humjibu baba yako mbele ya mama yake. Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaikata mitambo kwa kalamu, akaandika ujenzi kwa ule mwandiko wake wa seremala, herufi zimesimama wima, akatia sahihi.

Sikukosa riziki. Nimejenga makalavati na madaraja, Usoke, Urambo, na mbali zaidi ya huko, na hakuna hata moja lililobebwa na maji. Lakini gari likizima njiani mpaka leo nashuka, nainamia injini nisikilize, na fundi kijana ananiambia, "Mama, sogea pembeni, utachafuka." Nasogea. Inaniuma, sitaki kudanganya. Inaniuma kama jana.

Mwaka huu mjukuu wangu kachagua fani yake ya uhandisi kwenye simu, kalala kochini, mguu mmoja juu ya mto. Wiki iliyofuata akabadilisha. Baada ya hapo akabadilisha tena. "Bibi, nafuata ndoto zangu," ananiambia. Haya! Ndoto gani hizo, zinabadilika kila bando likiisha! Mama yake mzazi kapata habari kwa ujumbe, akajibu kwa kakidole gumba ka njano, kale ka kukubali.

Nawaonea wivu. Wanachokitaka wanakisema, na hakuna wa kuwakatia kwa kalamu. Lakini siku ile nilimtazama akibonyeza peke yake, nyumba nzima kimya, hakuna anayebishana juu yake, na moyo ukanisinyaa. Mimi nilibishaniwa barazani alasiri nzima kana kwamba ni jambo la nchi. Waliobishana wote wamekwishatangulia. Leo ningeweza kusomea chochote nikitakacho, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kunikataza.