Watoto Hawahesabiwi

Kesi ya urithi wa marehemu mume wangu ilisikizwa katika mahakama ya katikati ya jiji, ghorofa ya juu. Lifti ilikuwa imejaa mawakili, nikapanda ngazi nikishikwa mkono na kifungua mimba wangu. Mali yenyewe ni kipande cha shamba kule mtaa wa Satellite. Wanangu walitaka wakigawane wao tu, wamwache nje binti ambaye marehemu alizaa na mwanamke mwingine. Mamake alifariki mapema, nikamlea mimi.

"Mama, ukiulizwa sema wanne, basi," kifungua mimba akaniambia. "Usianze historia."

"Akianza ya mkoloni tutalala hapa," mdogo wake akasema nyuma yetu, wakacheka.

Binti alikuwa ameketi benchi la mwisho, peke yake. Aliponiona alisimama.

Nikaapishwa. Hakimu, mwanamke wa makamo, akauliza, "Marehemu aliacha watoto wangapi?"

Sasa, kwetu mbuzi huhesabiwa, lakini watoto hapana. Ukiwahesabu unakiita kifo. Nimezaa na nimezika, na sijawahi kutamka idadi yao. Mwanangu anajua hivyo. Labda alidhani mila huachwa pale mlangoni kwa askari.

"Mheshimiwa, kusema wangapi siwezi. Naweza kuwataja."

"Wataje, mama."

Nikaanza na kifungua mimba, aliyepewa jina la babake mume wangu. Akafuata aliyepewa la baba yangu, kisha wa tatu. Majina siyaandiki hapa, ni ya wenyewe. Baada ya wa tatu ndipo alipozaliwa binti. Mimi nilijaliwa wavulana tu, kwa hivyo jina la mama mkwe wangu ni yeye peke yake aliyelibeba. Kumruka ingekuwa kumzika mama mkwe mara ya pili. Nikasikia mwanangu akikohoa. Nikalitaja. Karani akaniomba nirudie, nikarudia, halafu nikamalizia na kitinda mimba.

Hakimu aliamuru binti aingizwe pamoja na warithi wengine.

Nje, kifungua mimba akasema, "Umetumaliza, mama," akashuka bila kuningoja. Binti ndiye aliyenishika mkono, tukashuka ngazi mpaka barabarani.

Wale wengine walirudi kunisalimu, mmoja mmoja. Kifungua mimba hajakanyaga kwangu mpaka leo. Jioni nikiwaombea, bado ndiye ninayeanza naye.