Namngoja Bwana

Tope la mto Tana likianza kukauka hutoa harufu ya samaki na majani yaliyooza, na mimi mpaka leo nikiinusa hukasirika kwanza, ndipo ninapokumbuka kwa nini. Hebu nisikilizeni.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, tuliishi kijiji kimoja cha ukingoni, chini ya Garsen. Mwaka huo mto ulifurika mpunga ukiwa karibu kuvunwa, ukabeba shamba letu lote. Maji yalipopungua, majirani walishuka upesi na majembe, maana tope likishakauka halipokei mbegu, na asiyewahi kupanda siku zile atakuja kulala njaa. Baba yangu, yeye alikaa kibarazani juu ya kigoda.

Akiulizwa, alijibu kwa upole, "Namngoja Bwana." Neno hilo alilisikia kanisani, akaling'ang'ania kama kupe.

Jamani, yule mtu alikera! Mama alimletea uji, alimtilia maji ya kuoga, alimsogezea kigoda kivuli kilipohama, na huku anafoka, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Aliisema mpaka nadhani kuku wetu waliijua. Mbegu tuliyobakiwa nayo ilikuwa mtungi mmoja tu, na panya walikwisha kuionja. Lakini mimi nilikuwa upande wa Baba. Niliona Mama hana imani.

Jumapili ya tatu, mwalimu wa kanisa aliita watu watoe ushuhuda. Baba akasimama, akasema, "Mimi bado namngoja Bwana." Watu wakaitikia amina. Ndipo upande wa wanawake akainuka Mama, ambaye kanisani hakuwahi kufungua kinywa ila kwa kuimba.

"Mimi nimelelewa Kipini," alisema. "Kule pwani mngoja mlango ni mlinzi, na akisinzia hufukuzwa. Mngoja mgonjwa humlisha, humwosha, humgeuza. Kungoja ni kazi! Sasa wewe, Baba Eliza, unamngoja Bwana au unamlalia?"

Lo! Kina mama waliziba vinywa kwa leso. Mimi Eliza nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alikohoa, akafungua Biblia, akaifunga tena, akasema tuombe. Nikachungulia kati ya vidole, nikaona mabega ya Baba yanatetemeka.

Jumatatu alfajiri alichukua jembe na ule mtungi. Nikamfuata. Alisimama topeni, akainamisha kichwa, akasema, "Bwana, mto huu nauogopa. Lakini nimekuja." Kumbe alikuwa anaogopa! Kisha akapanda mpaka mtungi ukaisha, na tangu siku hiyo kila asubuhi alituaga hivi: "Naenda kungoja." Mavuno hayakuwa mengi, lakini tulikula.

Mama sikumsamehe upesi kwa aibu ile. Miaka mingi ikapita, mume wangu akaugua, nami nikawa nampa uji, namtilia maji, namsogeza kivulini, na huku namfokea bila haya. Siku moja nikanyamaza ghafla, kijiko mkononi. Mfano ule wa mngoja mgonjwa Mama hakuutoa Kipini. Aliutoa kibarazani kwetu: mgonjwa alikuwa Baba, na mngoja alikuwa yeye.