Pilau la Paka

Juzi, mchana wa Krismasi, nilipita Kimara nikaona nyumba imefungwa mapazia yote, na ndani mtoto akakohoa. Nikasimama.

Sisi ni watu wa Moshi, na kwetu, asiyekwenda nyumbani Desemba huonekana maisha yamemshinda. Mwaka mmoja, nikiwa mdogo hapa mjini, baba alikuwa amepoteza kazi. Mama aliwaaga majirani kwa sauti kubwa, akafunga mapazia, tukajificha ndani. Nilidhani ni mchezo, na kwamba tukinyamaza vya kutosha tungefika Moshi kweli. Siku ya Krismasi unga ulikuwa umekwisha. Tulilala sakafuni, tukinusa vitunguu vya majirani vikikaangwa.

Mara Mama Zuhura wa nyumba ya pili akabisha. "Hodi humu!"

Mama aliniziba mdomo kwa kiganja. Nikapiga chafya.

Kisha Mama Zuhura akapaza sauti: "Kumbe kweli wamesafiri! Haya nyie paka, pilau lenu hili hapa mlangoni. Mle likiwa bado la moto, msiniangushe!" Ndala zake zikaburuzika kuondoka.

Leo naelewa kwamba aliisikia ile chafya, akatusitiri. Siku ile sikuelewa. Mama aliliingiza sinia, akaanza kula huku machozi yakimtiririka, baba ameuelekea ukuta. Nilimvuta kanga kwa hofu.

"Mama, acha! Hilo ni la paka!"

"Kula, mwanangu," akasema. "Paka ndio sisi."