Mafuta Mazito Niliyoitilia Pampu ya Kwihara

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa, wala si kwa furaha. Nimesikia umekabidhiwa mashine ya kukatia majani pale shuleni, na kwamba jana ulizunguka ukiuliza ni mafuta gani uitie. Umefanya vyema kuuliza. Mimi niliambiwa bila hata kuuliza, na bado nikaharibu. Kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mwimbaji wa kwaya, kijana mwenye baiskeli yake, na pale kwetu Kwihara nilijiona mtu. Familia kumi na nne tulikuwa tumeanza kulima tumbaku kwa pamoja. Sasa tumbaku, kama hujui, huanzia kitaluni. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, husiwa kabla mvua hazijaanza, na miche yake lazima inyweshwe asubuhi na jioni. Ikikosa maji siku mbili tatu katika jua la mwezi wa tisa, imekwenda. Maji hayo walikuwa wakiyateka akina mama kisimani na kuyabeba kichwani, mpaka shingo zikawauma.

Ndipo kikundi kikanunua pampu. Ilikuwa na injini ndogo ya petroli, ya kukumbatiwa na mtu mmoja, nayo ilitufikia vipande vipande. Aliyeiunga ni fundi Mrisho wa mjini Tabora. Babu zake walifika na misafara ya zamani wakalowea, na yeye mwenyewe alijulikana kila penye mashine ya kusaga au kusukuma maji. Alikuwa mzee mwembamba, shati limejaa madoa ya mafuta, lakini kofia yake nyeupe sikupata kuiona na doa hata siku moja.

Wazee walinichagua mimi kuwa mwangalizi wa pampu, naye fundi akanifundisha kwa siku tatu. Alinifungulia tumbo la injini, akanionyesha kijiko kidogo cha chuma kinachochota mafuta chini na kuyarusha juu kwenye viungo vyote.

"Kijiko hiki ni kama mama mwenye watoto wengi," aliniambia. "Mpe uji mwepesi, atawafikia wote. Mpe ugali, utamgandia mkononi, watoto walale njaa. Mashine hii inataka mafuta ya namba thelathini, Andrea. Yakikwisha, izime, panda baiskeli uje kwangu. Usitie mengine."

Nikaitikia ndiyo, mzee, ndiyo, huku macho yangu yakiwa kwa wasichana waliokuja kuitazama mashine. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliyavunja na ya wenzangu.

Jumamosi moja rafiki yangu alikuwa anaoa huko Ipuli. Nilikuwa nimepiga pasi shati jeupe, ninachotaka ni kujaza tangi la maji nijiondokee. Nilipochomoa kijiti cha kupimia nikakuta mafuta yameshuka chini ya alama, na kopo la fundi halina kitu. Kwenda mjini, kurudi, kusukuma maji, kisha kwenda tena Ipuli, nikaona ni mateso. Pembeni ya banda la pampu palikuwa na kopo lililoachwa na dereva wa lori, mafuta ya gia, namba tisini, mazito kama asali ya wakati wa baridi. Nikajisemea kwamba jua ni kali, na kitu kizito ndicho chenye nguvu. Nikamimina.

Injini iliwaka kwa taabu. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ng'ombe anayevuta jembe kwenye tope, na mimi nikaichukulia hiyo kuwa ndiyo nguvu yenyewe. Nikamwomba shangazi yangu Veronika, mjane aliyekuwa na kitalu jirani na tangi, afunge petroli tangi likijaa. Nikapanda baiskeli nikaenda kucheza harusi.

Niliporudi alasiri nikawakuta akina mama wamesimama kulizunguka banda, ndoo mikononi. Shangazi alisema mashine ilikoroma, ikatoa moshi, ikapiga kishindo kimoja, kisha kimya. Nikavuta kamba. Haikuzunguka hata kidogo. Nikaelewa papo hapo, mwanangu. Na badala ya kusema, nilisubiri watawanyike, nikalichukua lile kopo la dereva nikalitupa kwenye shimo la kisima cha zamani.

Jumatatu fundi Mrisho aliitwa. Wazee wote wa kikundi walikuwepo, na mwenyekiti wetu, Mzee Malunde, alikalia kigoda chake karibu kabisa na mashine. Fundi akafungua kizibo cha chini. Badala ya kutiririka, mafuta yalijivuta polepole kama ulimi. Akayagusa, akayanusa, akasimama.

"Haya ni mafuta ya gia," alisema. "Si niliyowapa. Andrea, yametoka wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Nilimwona shangazi na ndoo yake. Nilimwona Mzee Malunde, aliyenisimamia nilipobatizwa. Ulimi wangu ukawa mwepesi kuliko mafuta yale.

"Ni yale yale uliyotuachia, mzee. Hatuna mengine."

Fundi alifuta kidole chake kwa kitambaa. Akaniambia kwa upole niseme tena, labda nimesahau. Nikasema tena. Hapo ikawa neno la mtoto wa kijiji dhidi ya neno la mtu wa mjini, na unajua neno la nani hupata kigoda. Mzee Malunde akatamka kwamba fundi ametuuzia mafuta yasiyofaa. Mrisho hakupiga kelele. Alifuta spana zake moja moja, akazitia kwenye mfuko wake wa turubai, akasema Mungu ndiye shahidi wake, akaenda zake.

Pampu ilibaki imekwama, akina mama wakarudi kubeba maji, lakini vitalu vilikuwa vimeshakuwa vingi kupita nguvu za vichwa vyao. Katika familia kumi na nne, tatu tu ziliokoa miche. Kitalu cha shangazi kilikauka chote. Kila akipita hapo alikuwa akisema, "Mungu amsamehe yule fundi," na mimi nilikuwa nikiitikia amina. Hebu fikiria, mwanangu. Nilikuwa nikiitikia amina.

Habari zikafika mjini haraka kuliko gari moshi. Wenye mashine za kusaga wakaanza kumkwepa Mrisho, na kiangazi kilichofuata tukasikia amehamia Ujiji kwa wakwe zake. Nilidhani akiwa mbali nitapata usingizi mzuri zaidi. Sikupata.

Mwaka mwingine ukapita. Kijiji cha jirani kikanunua pampu, nami nikaitwa nimfundishe mwangalizi wao. Nikafungua tumbo la injini, nikamwonyesha kijiko, nikaanza kumweleza habari za mama mwenye watoto wengi. Sikumaliza. Nikamwambia ninaumwa, nikarudi nyumbani nikisukuma baiskeli njia nzima kwa miguu. Wiki ile ile nikapanda treni ya Kigoma.

Ujiji nilimkuta barazani, akitengeneza taa za chemli na kufuli. Hapakuwa na injini hata moja. Hakuna mtu pale aliyejua kwamba mikono ile iliwahi kuamsha mashine za nusu ya Tabora. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba na kulitaja jina langu kwa kuijua sauti tu, bila kuinua kichwa. Nikamweleza yote: harusi, kopo, kisima, uongo. Alisafisha kioo cha taa mpaka nilipomaliza, akaendelea kukisafisha hata kilipokuwa kimeshatakata.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini maneno haya umeyaleta mahali yasipohitajika. Hapa Ujiji hakuna aliyenihukumu. Nenda ukayaseme Kwihara."

Akaniletea chai, nikainywa, na sikumbuki ladha yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliwaomba wazee wasiondoke. Nikasema mbele yao wote. Mzee Malunde aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba hata wao walikosa, maana hawakutaka kuuliza mara ya pili. Shangazi Veronika aliinuka. Alijitanda khanga yake akaenda nyumbani, na hakuzungumza nami mpaka mvua za mwaka ule zilipokatika. Wazee walimwandikia fundi barua ya kumwomba radhi na kumwita arudi. Jibu lilikuja kwa mkono wa mwanawe: baba anawashukuru, anawasalimu, lakini macho yake hayaoni vizuri tena, na safari hataiweza. Huko huko ndiko alikozikwa. Habari za msiba zilinifikia udongo umeshakauka.

Basi sikiliza, mwanangu. Kabla hujaiwasha mashine yako, soma kitabu chake, na usipokielewa, muulize anayejua. Kwanza tambua ni ya aina gani. Zipo zinazoweka mafuta tumboni, na zipo zinazoyanywa yakiwa yamechanganywa na petroli kwa kipimo chake. Ukizichanganya hizi mbili, umeziua. Iweke mahali tambarare, pima kwa kijiti, usizidishe alama wala usipunguze. Namba iliyoandikwa ndiyo hiyo hiyo. Uzito si nguvu. Mafuta yakikosekana, izime na uache majani yarefuke. Majani marefu hayajamwaibisha mtu.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, mahali pale pale, mbele ya wale wale watakaoumia. Mimi kweli yangu niliichelewesha miaka miwili. Ilipofika, ilimkuta mwenyewe ameshapoteza kazi, mji na macho.

Mungu akujalie mikono yenye subira na ulimi usioogopa. Akuepushe na amina za uongo. Na jina lako likitajwa nyuma yako, litajwe kwa heri. Haya, nenda kaiangalie mashine yako.