Shingo ni ya Malsun

Malsun alikuwa na koo ambalo kisiwa kizima cha Jindo, huko Korea, kililijua. Jeneza halikwenda makaburini asipotangulia yeye akiimba, wabebaji wakimwitikia. Ukimsifu, yeye hujibu, "Najua." Si majivuno hayo, ng'ombe naye anajua ana pembe.

Mwanawe Giseop alimpeleka mjini Mokpo kupimwa, akaongea na daktari peke yake, akatoka na jibu.

"Ni kinyama tu, mama. Mwezi ujao watakikata, yaishe."

Mtoto mwema humficha mzazi ugonjwa mbaya. Ndiyo heshima, wanasema. Lakini siri ikishaingia bafu la umma la wanawake, haitoki imevaa nguo. Humo Okbun muuza samaki alikuwa akimsugua Malsun mgongo.

"Wanakukata wapi, dada?"

"Shingoni. Kinyama."

Okbun akaacha kusugua. Akainua kidevu, kovu likaonekana. "Changu nacho kiliitwa kinyama. Ni saratani hiyo, dada. Usinitolee macho! Mimi si huyu hapa? Nameza kidonge changu asubuhi, nakula kama nguruwe."

"Na sauti?"

"Ilikwama, ikarudi. Ya kugombana na mume wangu inatosha. Yako wewe, sijui."

Malsun hakulia. Jumatatu akapanda basi peke yake, akavuka daraja mpaka kwa daktari.

"Mwanangu ananidanganya kwa mapenzi. Wewe usinipende, niambie."

Daktari akamwambia. Ni saratani kweli, ila ndogo, ya mwendo wa pole, haijatoka nje ya tezi ya shingoni, tena iko mbali na mishipa ya sauti. Akitaka, wataikata, wengi hupona vizuri, wachache sauti huharibika. Akitaka, wataichunga kwa picha kila nusu mwaka, na ikikua ndipo wakate. Kwa saratani ya namna hiyo, kungoja hivyo kwa kawaida hakumdhuru mtu.

"Lakini ukichagua kuchunga, lazima uje kila miadi. Na uweze kulala na saratani shingoni."

"Nimelala na mume mlevi maisha yangu yote. Hiki ndicho kitanishinda?"

Nyumbani, aliposikia mama amechagua kuchunga, Giseop aliruka. "Watu watasema nini, mama? Kwamba nimekaa namtazama mama yangu akifa?"

"Watasema una mama mkaidi. Wanasema tangu hujazaliwa."

"Na ikikua?"

"Nitajilaza mwenyewe wakate. Sikukataa kisu, mwanangu. Nimekataa kukatwa kama samaki, bila kuulizwa."

Giseop akainamia bakuli lake la wali, machozi yakamtoka. Malsun akamsogezea kimchi, kabichi kali ya pilipili. "Kula. Wa kulia ni mimi, na mimi sina nafasi."

Nusu mwaka ulipotimia walikwenda wote wawili. Daktari mpya akashika picha, akamgeukia Giseop. Giseop akasogeza kiti nyuma.

"Mwambie yeye. Shingo ni yake."

"Iko vilevile, mama. Haijakua."

"Najua," akasema Malsun. "Sasa miadi ijayo usiniwekee katikati ya baridi. Wazee hufa sana wakati huo, nami nina kazi."