Disketi saba za Sabina Mhoja

Saa mbili kasorobo asubuhi, Sabina Mhoja anapiga chapa barua ambayo haipo.

Vidole vyake vinakimbia bila kusita. Amekaa wima, kama walivyofundishwa wapiga chapa wa zamani, shingo imenyooka, viwiko vimebana mbavuni. Anamaliza ukurasa mzima, anashusha pumzi, kisha anauliza kama imetoka vizuri. Wenzake wanainamia mafaili yao.

Kwenye kioo cha kompyuta hakuna barua. Kuna kidirisha kidogo kinachouliza swali, nacho kimekaa pale tangu mstari wa kwanza, kikisubiri mtu akijibu kwa kubofya mshale. Kila alichoandika kimepotelea humo. Mimi niliyekaa pembeni na daftari langu nilikiona kidirisha hicho tangu mwanzo, nikanyamaza, nikidhani ndivyo kazi inavyokwenda. Ni aibu yangu, na ninaiandika hapa.

"Imekataa tena?" anauliza Sabina. Mtu mmoja anaguna kukubali. "Haya. Tuanze upya."

Sabina ana miaka 43. Haoni tangu akiwa na miaka mitano, surua ilipopita kijijini kwao, wilayani Magu, ikachukua wadogo zake wawili na kumwachia yeye uhai bila macho. Alisoma shule ya wasioona, akajifunza kupiga chapa, na mwaka 1979 akaajiriwa mjini Mwanza katika ofisi ya ushirika wa pamba. Kengele ya taipureta ilimwambia mstari umefika mwisho. Kidole gumba juu ya karatasi kilimwambia ukurasa unaisha. Hakuhitaji kingine.

Mwaka 1995 wapiga chapa kumi na mmoja wa ofisi hiyo walipunguzwa kazi kwa barua iliyopigwa chapa na mmoja wao. Aliyeipiga alikuwa Sabina.

"Niliposikia imla imefika kwenye majina, nikajua na langu linakuja," anasema. "Nililipiga vizuri tu. Sikukosea hata herufi."

Miaka miwili alikaa nyumbani Mabatini, akiuza karanga mlangoni ili binti yake, Winnie, asiache shule. Kisha akachukuliwa na kampuni binafsi inayonunua pamba, kwa mshahara wa shilingi 48,000 kwa mwezi. Hata huko, mwanzoni mwa mwaka huu wa 1999, taipureta ziliuzwa zote na mahali pake zikawekwa kompyuta.

Kompyuta haina kengele. Meneja wa ofisi, Bwana Khalidi, alimpa muda hadi Jumatano, tarehe 30 Juni. Siku hiyo kampuni inatoa waraka wa kufungua msimu kwa vituo vyote vya kununulia pamba vya Magu, kurasa mbili. Akiupiga kwa kompyuta mwenyewe, abaki. Asipoweza, aondoke.

"Mimi si mtu mbaya," ananiambia Bwana Khalidi, akigeuza kalamu mezani. "Mama Winnie ni mchapakazi kuliko wote hapa. Lakini na mimi nina watu juu yangu."

Aliyemwokoa Sabina alikuwa Bruda Antoni, fundi wa misheni moja ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, anayetengeneza kila kitu kuanzia jenereta hadi saa ya mnara. Kwa rafiki yake wa Ulaya alikuwa amepata mfumo wa kompyuta uitwao Linux, usiouzwa: anayeutaka anaunakili na kumpa mwenzake. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuwasomea wasioona maandishi yaliyo kwenye kioo. Programu za namna hiyo zinazouzwa kwa kompyuta za kawaida, Bruda aliuliza bei akaambiwa zaidi ya laki tano na nusu, karibu mshahara wa Sabina wa mwaka mzima. Siku hizi za soko huria kitu cha bure hutiliwa shaka, lakini Sabina hakuwa na nafasi ya kutilia shaka chochote.

Mwezi Machi Bruda alivuka kwa kivuko na disketi saba pamoja na kisanduku cha sauti chenye ukubwa wa nusu mkate. Jioni ya siku hiyo kompyuta ikazungumza. Ilikisoma Kiswahili kwa lafudhi ya mtalii aliyeshuka jana, na wafanyakazi wakakipachika kisanduku jina la Mzungu. Sabina alicheka nao, kisha akaenda msalani akalia.

Kufikia Mei alikuwa akipiga barua kumi na nne kwa siku. Kioo chake alikizima kabisa. Akiwashe cha nini, na umeme wenyewe wa mgawo? Disketi saba alizifunga kwenye droo, kila moja na lebo yake aliyoichoma kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole.

Jumamosi ya tarehe 5 Juni, Sabina, ambaye ni Msabato, alikuwa kanisani. Ndiyo siku aliyokuja Josephat, fundi kijana wa kompyuta, kuziwekea mashine zote za ofisi mfumo mmoja mpya wa madirisha na picha. Ufunguo wa droo alipewa na ofisi.

Nimeonana na Josephat. Hakukwepa swali hata moja.

"Niliwasha kioo nikaona giza na maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Nikajua mashine imekufa," anasema. "Nikaifuta, nikaweka mfumo kama wa zile nyingine. Droo ilikuwa na disketi saba, lebo nyeupe kabisa. Nikajua mpya. Nikazifuta na hizo, nikanakili barua za meneja."

Namwuliza kama hakusikia nukta zilizochomoza chini ya vidole vyake. Anazitazama ncha za vidole. "Nilizisikia," anasema. "Nilidhani karatasi ina makunyanzi."

Mwenye macho haambiwi tazama, tunasema. Josephat alihitaji kuambiwa.

Jumatatu Sabina aliwasha mashine, akasubiri. Akazima, akawasha tena. Akagusa waya wa kisanduku, akakipuliza vumbi, akakiita kwa jina lake la utani. Ilipofika saa nne alizitoa disketi, akazisoma moja moja kwa kidole na kuzitia kwenye mashine. Lebo zilisema vilevile kama zamani. Ndani, mwenzake alimsomea kutoka kwenye kioo, mlikuwa na barua za meneja.

Tangu siku hiyo anapiga chapa gizani, safari hii giza la kweli. Kati ya barua tano, moja hufika kwenye karatasi.

Alituma ujumbe misheni. Jibu likaja kwamba Bruda Antoni yuko Tabora kwenye mafungo ya kiroho, na nakala nyingine ya mfumo imo chumbani mwake. Hakuna anayethubutu kufungua chumba cha mtawa asiyekuwepo. Atarudi Jumatatu, tarehe 28.

Sabina ameshaipiga hesabu hiyo usiku na mchana. Jumanne atavuka kwenda Busisi na Winnie kwa kivuko cha kwanza, wachukue nakala, warudi jioni. Kuiweka kwenye mashine huchukua saa sita, umeme usipokatika. Jumatano asubuhi ndiyo waraka. Bwana Khalidi aliombwa aongeze juma moja. Alisema waraka wa pamba haumsubiri mtu, na kwa bahati mbaya anasema kweli.

Winnie yuko kidato cha pili. Mama yake hajamwambia kuhusu tarehe 30. "Akijua ataniambia anaacha shule auze karanga," anasema Sabina. "Namjua. Amenirithi mimi."

Saa ya chakula Josephat anaingia, anasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezileta?"

Amezileta: disketi saba mpya, kwa fedha yake mwenyewe, za kunakilia mfumo pindi utakapovuka ziwa. Sabina anatoa kibao chake na msumari wa kuchomea nukta, anaandaa lebo moja baada ya nyingine. Kisha anamsukumia kijana zile lebo na kumwambia achukue kalamu ya wino, aandike juu ya nukta hizohizo.

"Niandike nini?"

"Andika, mali ya Sabina, usifute. Kwa herufi kubwa. Halafu unisomee."

Josephat anaandika saba, anasoma saba, sauti ikimpungua kila lebo. Sabina anapitisha kidole juu ya wino ambao hawezi kuusikia.

"Miaka yote niliandika kwa ajili yangu peke yangu," anasema. "Sikufikiri kwamba nanyi hamwoni."

Anazibandika lebo, anazipanga disketi kwenye droo, anafunga kwa ufunguo na kuuvaa shingoni. Zote saba zina jina lake, kwa wino na kwa nukta. Ndani bado hazina kitu, na leo ni tarehe 21.